Saa Tisini na Sita

Barua ilimfikia usiku wa Alhamisi, saa tatu na dakika chache, watoto wamekwisha kulala na sufuria ya wali ingali imelowekwa. Haikuwa ndefu. Ilimshukuru kwa muda wake, ikamwarifu kwamba nafasi yake ya mafunzo katika zahanati ile imekoma tangu siku hiyo, ikamtaka arejeshe kitambulisho na ufunguo wa kabati kwa njia ya posta, asije mwenyewe. Mstari wa mwisho ulimkumbusha kwamba habari za wagonjwa aliowahudumia ni siri kwa mujibu wa sheria, na kwamba hana tena ruhusa ya kufungua jalada la yeyote miongoni mwao. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaketi akahesabu. Muhula ulimtaka saa 150. Alikuwa nazo 96.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2023, mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky, ukingoni mwa mto Ohio. Aliyeandikiwa ni mwanamke wa Unguja, mwenye miaka arobaini na moja, aliyeingia Marekani miaka kumi na minane kabla ya hapo akiwa bibi harusi. Alianza kwa kuwaogesha na kuwalisha wakongwe katika nyumba za kutunzia wazee. Akasoma usiku, akapata leseni ya uuguzi, akafanya kazi wodini miaka tisa. Sasa alikuwa akisomea daraja inayofuata, ile ya muuguzi anayempima mgonjwa, akautaja ugonjwa na kuiandika dawa kwa saini yake mwenyewe.

Daraja hiyo haina jina lililokwisha kutulia katika Kiswahili. Na iitwe hapa uuguzi-tabibu. Ilianzishwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado na watu wawili, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver, kwa sababu iliyo nyepesi kuieleza: vijijini na katika mitaa ya mafukara watoto walikuwa wengi na madaktari hawakuwapo, ilhali wauguzi walikuwapo. Bibi Ford aliishi hadi Januari 2025, akafariki akiwa na miaka 104, baada ya kuiona kazi aliyoibuni ikienea Marekani nzima. Na neno lenyewe la uuguzi lina ajabu yake. Kuugua ni kuumwa. Kuuguza, kwa umbo lake, lingepaswa kuwa kumfanya mtu augue. Walakini lugha imeligeuza likawa kukaa na mgonjwa, kumgeuza ubavu, kumnywesha uji, kana kwamba anayekaa naye ndiye anayeusukuma ugonjwa ufike mwisho wake.

Kazi ya namna hiyo haifundishiki kwa kitabu peke yake. Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 viliongeza saa za chini za kumhudumia mgonjwa ana kwa ana kutoka 500 hadi 750, na kila saa huhesabiwa mbele ya mlezi, yaani mtabibu mwenye leseni aliyekubali kusimama na mwanafunzi. Hapa ndipo pana jambo ambalo mtu wa nje hulishangaa. Vyuo vingi humwachia mwanafunzi kazi ya kujitafutia mlezi mwenyewe. Ada hulipwa, vitabu hununuliwa, mitihani hufanywa nyumbani mbele ya kompyuta. Lakini yule mtu wa kusimama naye mbele ya mgonjwa, ambaye bila yeye yote yaliyotangulia ni karatasi, huombwa kwa hisani. Aghalabu mlezi halipwi kitu. Mgonjwa wa dakika kumi na tano humchukua nusu saa akiwa na mwanafunzi pembeni, na zahanati humhesabia idadi ya wagonjwa vilevile. Yapo majimbo yaliyojaribu kumpunguzia kodi anayekubali kulea. Georgia ilianza na madaktari mwaka 2014, ikawaingiza wauguzi-tabibu mwaka 2019. Kwingi kwingineko hutegemewa moyo wa mtu. Ni biashara ya ajabu, ambayo muuzaji huchukua bei kamili ya jahazi kisha akamwambia mnunuzi akajitafutie tanga.

Mwanamke huyu alimtafuta mlezi wa muhula ule kwa miezi mitano. Alipiga simu, aliandika barua, alipeleka sinia za sambusa kwenye zahanati ambako hata mpokea wageni hakumwinulia uso. Hatimaye mwenzake wa wodini alimwelekeza kwa mwanamke mmoja wa makamo, mzaliwa wa milima ya mashariki ya jimbo hilohilo, muuguzi-tabibu katika zahanati ndogo ya upande wa kusini wa mji. Mwanamke huyo alimsikiliza kwa dakika sita mlangoni pa gari lake, akasema aje Jumatatu.

Mama yake, aliye Kikwajuni, hakupata kulitamka neno la Kiingereza la mlezi huyo, akamtafutia jina la kwao. "Kwa hivyo huyo ndiye somo wako," akasema. Binti akacheka, lakini jina likakaa. Pwani somo ni funzo, na tena somo ni mwanamke mzima anayekabidhiwa mwari amfunde na kumsitiri, naye hubaki somo wake hata baada ya ngoma kwisha na mikeka kukunjwa. Tangu hapo simu zao za Jumapili zikawa na swali jipya baada ya shikamoo na marahaba: "Na somo hajambo?"

Somo hakuwa mtu wa maneno. Alimfundisha kwa kumnyamazia. Mwanafunzi akimpima mgonjwa, yeye husimama nyuma mikono ameifumbata, na akiona limesahauliwa jambo hukohoa. Kwa wiki mbili za mwanzo alikohoa sana. Wiki ya tano alikohoa mara moja siku nzima, na jioni ile mwanafunzi aliendesha gari hadi nyumbani akiimba.

Wagonjwa wa zahanati ile walikuwa mchanganyiko: Wamarekani weusi na weupe wa mitaa ya jirani, Wakuba, Wasomali, Wanepali, na Wakongo wengi. Kuanzia mwaka 2016 Kongo ilikuwa, kwa miaka kadhaa, nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote katika mpango wa Marekani wa kuwapokea, na mji wa Louisville ulipata sehemu yake. Walikuja kutoka Kivu na Katanga kwa njia ndefu ya makambi ya Tanzania, Burundi na Uganda, na waliyokuja nayo mdomoni ni Kiswahili.

Hicho ndicho kilichomfurahisha, na hicho ndicho kilichomponza.

Mtoto wa Unguja hukua akiambiwa kwamba lugha ni yake. Lahaja ya kwao ndiyo iliyoteuliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikipima Kiswahili cha wengine kwa mizani ya Kiunguja. Anayekulia katika mizani hudhani hakuna kipimo kingine. Na kwa kweli lugha ya Kongo ilitoka kwao. Iliingia Manyema katika karne ya 19 na misafara ya pembe za ndovu, na watu wa Tippu Tip na wenziwe, waliovuka Ziwa Tanganyika wakapiga kambi zao Kasongo na Nyangwe. Misafara ikafa, pembe zikauzwa, watumwa walioangamia njiani hawakuhesabiwa, lugha ikabaki. Ikaingia katika migodi ya shaba ya Katanga, ikalelewa na watu waliokuwa na lugha zao nyingine, ikaota viungo vipya. Yale maneno yaliyoondoka bandarini Unguja kwa miguu yalikuwa yanamfikia sasa binti wa Unguja Louisville, yamezunguka nusu ya dunia, na yeye aliyaamkia kama jamaa waliotoka safari, pasi na kuwatazama nyuso vizuri.

Wiki ya tatu aliingia mzee mmoja mwenye presha. Akaulizwa habari za ukoo: nani aliugua nini, nani alikufa kwa nini. "Bibi yangu alikufaka na sukari," akasema. Mwanafunzi hakungoja simu ya mkalimani, alikwisha kuelewa. Akaandika katika jalada: bibi, kisukari, amefariki. Kwa mtoto wa Unguja bibi ni mama wa baba au mama wa mama. Kwa mzee yule bibi ni mke. Nyanya akifa kwa kisukari, damu yake imo mwilini mwa mjukuu, na mtabibu huwa macho. Mke akifa kwa kisukari, mume amefiwa. Kosa liligunduliwa na binti wa mzee wiki iliyofuata, aliposomewa maelezo yale. Hakuna aliyedhurika. Mzee alitobolewa kidole mara moja zaidi kuliko haja, na kwa wiki nzima hapakuwa na mtu pale zahanati aliyejua kwamba amefiwa na mke.

Kilichomchoma mwanafunzi ni kwamba ushahidi ulikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Pwani nzima husema bibi harusi, na bibi harusi si nyanya wa mtu. Yeye mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo siku ya kuingia ndege. Waliosafiri na neno hilo bara walilibeba likiwa na ujana wake. Unguja ya leo ndiyo iliyolizeesha.

Somo aliandika kisa hicho katika daftari la mwenendo wa mwanafunzi, kama anavyotakiwa, kisha akamwita pembeni. "Tokea leo, simu," akasema. "Hata kama unajua. Hasa kama unajua."

Wala hiyo haikuwa amri ya mtu mmoja. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 hukataza kumbagua mtu kwa asili yake katika huduma zinazopokea fedha za serikali, na lugha imehesabiwa humo. Kanuni za mwaka 2016, zilizofuata sheria ya afya ya 2010, zilitaka mkalimani awe aliyehitimu, si mtoto wa mgonjwa wala mfagizi aliyepita mlangoni. Sababu zake ni za damu. Mwaka 1980 huko Florida kijana wa miaka 18 aliletwa hospitali hajitambui, na jamaa zake, watu wa Kuba, wakasema ni "intoxicado". Kwao neno hilo ni mtu aliyedhuriwa na alichokula au alichokunywa. Madaktari walisikia ulevi wa dawa, wakamtibu hivyo siku mbili, kumbe ubongo ulikuwa ukivuja damu. Kijana aliishi, amepooza mikono na miguu, na malipo aliyopewa yalikadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Anayeidharau kanuni ya mkalimani hajapata kukisikia kisa hicho. Mwanafunzi alikisoma chuoni, akakijibia mtihani, akapata alama zote.

Jumatatu ya tatu baada ya kisa cha mzee akaja mwanamke wa miaka sitini na ushei, kitenge cha rangi ya kahawia, mkoba ameukumbatia. Simu ikawekwa mezani, kipaza sauti kimefunguliwa. Mkalimani alikuwa mwanamume. Kwa lafudhi yake tu mwanafunzi alimjua ni mtu wa mwambao, huenda Tanga, huenda Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa safi kama maji ya mtungi. Somo akauliza nini kimemleta mama leo, swali likapita katika simu, na mama akajibu kwa sauti ndogo:

"Roho iko inaniuma, dokta. Tangu juzi."

Mkalimani akasema kwa Kiingereza kwamba nafsi yake ina uchungu, kwamba amesononeka tangu juzi. Haikuwa tafsiri mbovu. Mtu yeyote wa pwani akiambiwa roho inauma atauliza nani amekutenda. Somo aliitikia kwa kichwa kwa upole, akavuta ile karatasi ya maswali tisa ya kupimia sonona, akaanza. Je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo? Ndiyo. Je, umekosa usingizi? Ndiyo. Je, umejihisi mchovu? Sana. Kila jibu lilithibitisha lililotangulia. Mwanamke aliyepoteza nchi, na kambini pengine watoto, ana haki ya kusononeka. Hakuna ambaye angeshangaa.

Mwanafunzi alisimama mahali pake nyuma. Neno lilikuwa limemkwama. Wiki tatu zilizopita angelipita kama wote, kwa kuwa roho alikuwa akiijua. Lakini bibi alikuwa amemfunza kushuku. Roho ni neno la Kiarabu, moyo ni la Kibantu, na katika safari ya kwenda Kongo mizigo ilibadilishana mabega: kwa Wakongo wengi roho ndiyo hiyohiyo ya nyama, inayodunda kifuani. Alikwisha kuwasikia sokoni wakisema hivyo. Aliisikia pia sauti ya somo: hasa kama unajua. Na jambo gumu ni kwamba hakujua. Alishuku tu. Angeweza kumwomba mkalimani aulize upya, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baadaye wote waliomhoji walimwambia hivyo, na yeye mwenyewe alijiambia hivyo usiku mwingi. Swali la nne lilikuwa linasomwa. Akafungua kinywa, akamwambia mgonjwa moja kwa moja:

"Mama, hiyo roho, iko wapi? Nionyeshe."

Mwanamke aliuachilia mkoba. Akaweka kiganja katikati ya kifua, akakisukuma, kisha akakipandisha taratibu mpaka kwenye taya la kushoto, akakiacha hapo.

Kiganja hakikuhitaji mkalimani. Somo alikwisha kusimama. Ikaletwa mashine ya kupimia umeme wa moyo, mama akalazwa, nyaya zikabandikwa. Mchoro haukuwa wa kutisha wala haukuwa wa kuridhisha. Akapewa aspirini atafune. Moyo wa mwanamke mara nyingi hauumi kama ule wa vitabuni. Huonekana kama uchovu, kichefuchefu, maumivu ya taya, na wengi hurudishwa nyumbani wakiambiwa ni wasiwasi. Gari la wagonjwa likaja. Alipokuwa akitolewa, mama alimshika mwanafunzi kidole kimoja, si mkono, akakiachia mlangoni.

Simu ilikuwa bado iko wazi mezani. Wakalimani wa Marekani hujitaja kwa nafsi ya tatu, na sauti ile ya mwambao ilisema kwa adabu, katika chumba kilichobaki na mwanafunzi peke yake, kwamba mkalimani angependa kuarifu kuwa mtu mwingine amezungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, na kwamba atalazimika kuliandika. Kisha, baada ya kimya, kwa Kiswahili, kwa sauti nyingine kabisa: "Samahani, dada." Akakata.

Aliandika, kama wajibu wake ulivyo. Kampuni yake ikaipelekea zahanati taarifa. Wasimamizi wakafungua daftari la mwenendo, wakakuta la bibi chini ya mkono wa somo mwenyewe, na onyo. Mwanafunzi amekatazwa, mwanafunzi amerudia, ndani ya wiki tatu. Kwenye karatasi makosa mawili yalilingana kama ndugu. Kwamba la kwanza lilitokana na kujiamini na la pili na kutojiamini, na kwamba la pili lisingalizaliwa pasi na la kwanza, hapakuwa na kisanduku cha kulitia. Barua ikaandikwa na watu ambao hawakumjua. Ni haki pia kusema kwamba hawakuwa na namna ya kumjua.

Chuo kilimpa siku kumi na nne apate mlezi mwingine. Alipiga simu zahanati 71, akiziandika katika daftari la mwanawe la hesabu. Nyingi hazikujibu. Baadhi zilisema zina wanafunzi wa vyuo vingine mpaka mwaka ujao. Mbili zilimpeleka kwa kampuni zinazomtafutia mwanafunzi mlezi kwa malipo, na malipo yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Siku ya kumi na moja daktari mmoja mzee alikubali. Lakini ilihitajika hati ya makubaliano baina ya zahanati na chuo, na bima, na vyeti vya chanjo, na uchunguzi wa polisi. Ofisi ya chuo ikasema hati peke yake huchukua wiki nane. Siku ya kumi na tano akaondolewa katika muhula. Somo la darasani lililoambatana na mafunzo yale hutolewa mara moja kwa mwaka, kwa hivyo alipoteza mwaka. Ada haikurudi. Saa 96 hazikuhesabiwa, maana muhula usiokamilika hauna saa.

Lakini Jumamosi na Jumapili, katika wodi ya hospitali yake, mwanamke huyohuyo aliendelea kukabidhiwa wagonjwa watano wa moyo usiku kucha, na hapana aliyemuuliza kama anaaminika.

Katika barua za wiki ile ilikuja moja kwa posta, bahasha ya kawaida, mwandiko wa mkono. Ilikuwa fomu ya saa. Somo alikuwa ameitia saini kila siku, mstari kwa mstari, 96 zote, akijua haina tena mahali pa kupelekwa. Katika nafasi ya maoni aliandika neno moja: husikiliza.

Kwa Jumapili tatu mama aliuliza, "Somo hajambo?" na binti akajibu, "Hajambo." Jumapili ya nne alieleza.

"Somo hamwachi mwari njiani," mama akasema.

"Hakuniacha yeye, mama. Nyumba ndiyo iliyonitoa."

Mama alinyamaza. Ilisikika adhana ya mbali upande wa Unguja, na upande wa Louisville mashine ya kufulia. Kisha akauliza swali ambalo katika wiki zote zile hakuna msimamizi, mshauri wala mwenzake aliyeliuliza.

"Na yule mgonjwa? Alipona?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sina ruhusa ya kujua. Sheria."

"Sheria gani hiyo, mwanangu, inayomkataza mtu kuulizia hali?"

Angeweza kumweleza. Sheria hiyo ni ya mwaka 1996, ina maana yake, humlinda mnyonge na mwajiri wake na jirani yake. Lakini Kikwajuni mtu akisikia fulani anaumwa huvaa buibui akaenda kumtazama, na asipokwenda hukumbukwa kwa hilo. Binti akasema mtandao unakatika.

Januari 2024 hospitali yake ilimtaka afanye mtihani wa lugha, ili apewe idhini rasmi ya kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili. Ulifanywa kwa simu, dakika arobaini, mtahini mwanamke mwenye sauti ya Dar es Salaam. Aliulizwa figo, ini, kifafa, dawa ya kutwa mara tatu. Hakuulizwa bibi wala roho. Alifaulu kwa daraja la juu kabisa, akapewa kibandiko cha kutia kwenye kitambulisho. Laiti angalikuwa nacho Oktoba. Na angalikuwa nacho wiki ya tatu, mzee yule angaliandikiwa nyanya vilevile, kwa kibali.

Nafasi nyingine aliipata vuli ya 2024, ng'ambo ya mto, katika jimbo la Indiana, kwa yule daktari mzee aliyekubali siku ya kumi na moja na hakusahau. Alianza upya, kutoka saa ya kwanza. Huko wagonjwa walikuwa wakulima wa mahindi na madereva wa malori, na hakuna aliyesema Kiswahili. Kila alfajiri alivuka daraja la Ohio, mto mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, usio na harufu ya chumvi. Aliyamaliza mafunzo. Mlezi huyu naye alikuwa mwema, na hakuwa na kawaida ya kukohoa.

Lakini Jumamosi, akitoka kazini asubuhi, amejizoeza kupita katika duka moja la upande wa kusini wanakouza sombe, dagaa wa Tanganyika na vitenge. Nyumba yake haihitaji vitu hivyo. Huzunguka polepole kati ya rafu, akiwatazama wanawake wa umri fulani. Kuonana dukani hakukatazwi na sheria yoyote. Wala salamu haikatazwi, na salamu ya Kiswahili ina nafasi ya kutosha ndani yake kwa mtu kuuliza hali na kujibiwa. Mara moja alikiona kitenge cha rangi ya kahawia, na mkoba uliokumbatiwa kifuani. Alikifuata mpaka mwisho wa rafu. Mwanamke akageuka, akawa mwingine, mdogo zaidi, akamtazama kwa mshangao wa adabu.

"Jambo, mama," akasema yule wa Unguja.

"Jambo, dada. Unatafuta nini?"

Akachukua mfuko wa unga wa muhogo uliokuwa karibu na mkono wake, akasema ameshaupata, akaenda kulipa.